Valvu Imefungwa

Sohar, Agosti, saa nane mchana.
Mundhir kaniletea hesabu ya shinikizo: kumi na moja.
"Hiyo ni pampu ikipumua," nikamwambia.
"Mimi naitaka ikizibwa mdomo."

Tukaanza upya.
Tangi la kufyonzea, limejaa hadi shingoni.
Juu yake gesi, imekaza hadi ukomo wa valvu ya usalama.
Kisha msukumo wa pampu pale mafuta yasipokwenda popote,
tena mafuta mazito kuliko yote tuliyowahi kupokea.

Kumi na tisa na nusu.
Kipozeo chetu kimeandikwa kumi na sita.

Akacheka kidogo.
"Nani huyo atakayefunga valvu, Bi Zuwena?"

Nikamfungulia kiganja,
kovu la mwaka wangu wa kwanza kazini.
"Mtu mwema tu, mwanangu. Kachoka. Anakwenda kula."