Spoku

Saa kumi na moja alfajiri, Julai inauma masikio.
Ukungu umeshuka kutoka Loleza hadi kwenye seng'enge,
na komeo la lango, ukilishika bila glavu,
linabaki na ngozi yako kidogo.

Kazi yangu ni getini, upande wa wageni.
Nina spoku ya baiskeli niliyoinoa kwenye jiwe.
Kila chakula kinachoingia kinapita kwangu:
nachoma ugali, nachoma ndizi,
napekua maharage,
napasua parachichi la mama aliyeondoka Tukuyu usiku wa manane
na linageuka jeusi mbele ya macho yake.
Samahani mama, ni utaratibu.
Neno hilo nimelisema mpaka limeng'oka meno.

Miaka kumi na moja, nimekamata nini?
Wembe mmoja ndani ya mkate.
Simu ndani ya kuku.
Misokoto miwili ya bangi.
Na Machi ile, barua ndani ya chapati,
mwandiko wa penseli: Baba, nimefaulu.
Barua nayo hairuhusiwi ndani ya chapati.
Niliiandika kitabuni, kati ya wembe na simu.

Sajini Mhongole wa zamu ya usiku, mtu wa Kilolo,
mcheshi wa ulanzi asiyejua kunong'ona,
alikabidhi funguo asubuhi, akasaini,
akaenda moja kwa moja shamba la viazi
akaketi katikati ya tuta.
Wafungwa wakalima wakimzunguka, kama kisiki.
Hadi saa sita.
Tuliambiwa ni malaria.
Malaria, huku kwetu, ambako hata mbu anahitaji sweta.

Ndipo ikaja semina. Nusu siku, soda na sambusa.
Kijana mpole wa makao makuu akagawa fomu:
Je, unalala vizuri?
Je, una hasira za ghafla?
Je, umewahi kujiona huna thamani?
Na juu kabisa: jina, cheo, namba ya askari.
Tukaweka tiki pale tulipojua tiki inapendwa.
Aliyezikusanya ndiye anayependekeza wa kupanda vyeo.
Ripoti inasema tunalala, wote, mia kwa mia.

Aliyeniuliza ni mfungwa.
Atupakisye, anayefagia ua wa getini,
kifungo miaka minne, kosa lake nalijua na silisemi.
Akaegemea fagio: "Afande, jana hukulala."
Nikamwambia geuka, fanya kazi.
Akageuka. Akafagia pale pale palipokwisha kutakata,
taratibu, muda mrefu,
kama mtu anayekuachia mgongo useme nao.
Sikusema. Pua ilichuruzika, nikaisingizia baridi.

Juzi nilipita kwa mama Sanga, nikanunua andazi la moto
la Bupe wangu, ana miaka sita.
Kabla halijafika mkononi mwake
mkono wangu ulishalipasua,
kidole kimo katikati, kinachungulia.
"Mama, unatafuta nini humo?"
Hakukasirika. Alitaka kusaidia.
Akachukua nusu yake, akaanza kuchambua,
chembe kwa chembe, juu ya mkeka,
akiinua macho kunitazama usoni kila mara
ajue kama amekipata.

Jumapili nitakwenda kwa Mhongole.
Nasikia amerudi kwao, anachunga mbuzi wawili.
Sijui nitaanza na neno gani,
ila sitabeba kalamu.

Leo jioni nimenunua tena andazi.
Nimeliweka kwenye sahani, zima.
Mkono nimeuzika mfukoni mwa koti, nimeukunja ngumi.
Chukua, mwanangu, ni lako lote.
Bupe amekaa. Chai inapoa.
Ananisubiri nilipasue.