Kukuza Picha ya Binti Chilumba

Kadi ya chama cha msingi, ya mwaka ule korosho
zililipwa kwa awamu na awamu ya tatu haikufika.
Picha imebanwa pembeni, haizidi kidole gumba,
pini ya stepla imepita begani,
muhuri wa zambarau umelamba sikio.

"Ikuze," anasema Zamda. "Iwe ya ukutani.
Keshokutwa ni arobaini."

Nje, ukungu wa Newala umeshuka hadi kwenye vibanda.
Naiskani. Nahesabu nukta: mia kwa mia na thelathini.
Ndizo zote alizotuachia.
Nikiivuta, uso unakuwa sakafu ya vigae;
jicho ni miraba minne,
mitatu kahawia, mmoja mweusi.

Basi kompyuta inaanza usuluhishi.
Wewe mweusi, wewe mweupe?
Hapo katikati naweka kijivu, yaishe.
Halafu ile programu mpya, iliyofundwa kwa nyuso milioni
(sijui za wapi, za huku sidhani),
ikamaliza kabla chai haijapoa.

Akatoka mwanamke. Kope moja moja.
Ngozi kama sahani iliyosuguliwa.
Mdomo umefumbwa vizuri, tena anatabasamu.

Zamda akatazama. Akatazama tena.
"Kaka, huyu nani?"

Nikaelewa polepole, kama mtu anayekumbuka deni.
Nembo za mashavuni, zile pembe zilizopandana,
mashine imeziona vumbi la skana.
Tundu la ndonya
imelihesabu doa, ikaliziba.
Haikuwa na ubaya. Ilijaza pengo
kwa ilichonacho.

Zamda akaweka kidole kwenye kioo,
kikabaki na mafuta ya maandazi.
"Hapa tatu. Hapa mbili, ya chini imepinda,
mchanjaji alikohoa."

"Nichore?"

"Usichore. Na wewe hukumwona."

Nikachapa vigae vyenyewe, vikubwa, bila kulainisha.
Ukiwa karibu huoni kitu: kahawia, kahawia, nyeusi.
Rudi nyuma. Rudi tena, hadi mlangoni,
pale mgeni anaposimama kupiga hodi,
ndipo anapokuja, na shingo yake ya kulia,
amekasirikia mpiga picha.

Nilitoza bei ya moja.
Yule mwingine bado yumo kwenye kompyuta,
anatabasamu. Kila nikitaka kuhifadhi
naulizwa jina la faili.