Mchezo wa Dari

Jumanne, saa tisa alasiri, watatangaza.
Ndivyo walivyosema mwaka juzi. Ndivyo walivyosema mwaka jana,
na kilichotangazwa kikawa gemu la kuvua samaki.
Bado nimeomba ruhusa kazini. Nimesema jino linauma.

Mvua ya Swansea haina haraka,
inateremka Townhill ikigusa kila mlango
kama mtu aliyekuja kudai.
Mtaka cha mvunguni huinama: nimeinama,
nimevuta boksi la viatu, nimetoa kaseti ya kijivu,
nimeipuliza kama nilivyoipuliza nikiwa na miaka kumi na mitatu.
Vumbi limetoka. Picha haijatoka.

Ghala la Tisa. Bunduki tano, milango ya chuma,
walinzi wenye nyuso bapa kama chapati zilizochorwa macho,
na moshi ambao haukuwa moshi, ulikuwa mraba wa kijivu
uliotugeukia popote tulipokwenda.

Televisheni moja tuliigawa mara nne.
Gethin juu kushoto, kaka yangu Kombo juu kulia,
mimi chini, penye ufa wa kioo,
na robo ya nne ya yeyote aliyebisha hodi.
Kiingereza changu kilijua kiti, meza, mwalimu.
Gethin akanifundisha: nyuma yako! jaza risasi! usinichungulie!
na matusi mawili ya Kiwelisi
ambayo hadi leo siyatamki mbele ya wauguzi wenzangu.
Kuchungulia kulikuwa haramu. Sote tulichungulia.

Usiku mmoja, wali ukipaliwa jikoni, Mama akakaa.
Akashika kidhibiti kama anayeshika kaa aliye hai.
Mtu wake akainua uso, akatazama dari,
akaitazama hadi mwisho, akizunguka taratibu,
akifa, akifufuka, akifa, mara kumi na nne.
"Mbona nyumba yao haina taa?"
Mara ya kumi na tano akafyatua bila kujua,
na Gethin, aliyejificha juu ya mabomba, akaanguka.
Wali uliungua. Tuliula hivyo hivyo.

Sasa watu elfu sitini tumetia sahihi ombi.
Kampuni iliyolitengeneza ilinunuliwa na nyingine, ikafilisika,
haki zinagombewa na watatu, kama nyumba ya marehemu.
Hilo nalielewa.
Fomu ilikuwa na kisanduku: kwa nini unalitaka?
Vijana waliandika picha kali, kasi, wachezaji mia kwa pamoja.
Mimi niliandika kwa mizani niliyojifunza Wete,
nikijua hakuna atakayesoma:

    Twalitaka Ghala letu, lirudi lilivyokuwa
    Msizibe ufa wetu, nyuma ya tangi la hewa
    Msitie nyuso watu, kwa ubapa twawajuwa
    Na robo ya mama yetu, wazi ikisubiriwa

Kisha nikashuka orodha ya sahihi, kwa udadisi tu,
na kwenye namba elfu arobaini na moja na kitu
nikamkuta: Kombo H., Bristol.
Hatujasemeshana tangu ile nyumba ya Baba iuzwe.
Kwenye kisanduku aliandika neno moja: Dari.

Nilikaa na lile neno hadi chai ikapoa.
Namba yake ninayo. Sikuipiga.
Niliweka kidole juu ya jina lake kwenye skrini
kama tulivyokuwa tukionyeshana adui: huyu hapa, huyu hapa.

Saa tisa na dakika nne. Taa za jukwaani, ngoma, moshi,
safari hii moshi wa kweli.
Ni gemu la kufuga farasi.
Gethin, toka mitambo ya mafuta huko Aberdeen, ananiandikia: Mwakani.
Nami namjibu: Mwakani.

Mama yuko chumba cha pili, bandeji bado jichoni.
"Wametoa ule mchezo wa dari?"
"Bado, Mama."
"Wakitoa, waambie waweke taa."