Laini Yangu, Nambari Zake

Ujumbe uliingia saa tatu kasorobo usiku
nikifunga kibanda:
Hongera RISPAH KEMUNTO.
Milioni mbili na laki nne.
Nikaketi juu ya ndoo.
Sikuwa nimecheza mimi.

Kila Ijumaa, miaka minne, Mrundi wa njugu
huegesha toroli yake penye mtaro,
huniwekea mia moja ya sarafu
zingali na joto la makaa.
"Dada, nichezee."
Laini hutaka kitambulisho,
na chake ni karatasi ya ukimbizi iliyokunjwa mara nane,
aliyonionyesha mgongo wake tu.
Nambari hazibadiliki:
tano, kumi, ishirini, bei za pakiti zake;
thelathini na moja, mlango wa chumba;
saba, watoto wa mama yake;
mbili, waliobaki.

Kufikia asubuhi Kayole yote ilijua.
Nilimwambia mtu mmoja tu.
Mtaa ni mtu mmoja.

Ochola kinyozi alisimamisha mashine
katikati ya kichwa cha mteja:
"Rispah, pesa imeshajua mwenyewe. Jina ni lako."
Kioko wa gesi: "Pesa ya Kenya ilale Kenya.
Sisi tumecheza tangu enzi za kukwangua,
tumeliwa hadi mifupa,
halafu mtu wa kuja abebe?"
Mutheu wa chapati hakuinua macho:
"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

Jembe analo.
Lina magurudumu mawili na jiko tumboni,
hulisukuma hadi Donholm na kurudi.
Na kila Jumatatu kanjo humkata hamsini,
wala sijasikia mtu akisema
hamsini hiyo ni ya Burundi, irudi Burundi.

Nami nisijifanye malaika.
Usiku ule nililipa karo ya mihula mitatu,
nikanunua kaploti Kamulu,
nikajenga, nikaezeka, nikachagua pazia,
yote nikiwa chali kitandani
na simu kifuani kama mtoto mwenye homa.
Niliamka nikidaiwa nyumba nzima.

Lakini nilipokuwa nikipiga mswaki
nikamkumbuka Mbithi, mwana wa Mutheu,
alivyoshinda grinkadi mwaka wa mafuriko.
Ile nayo si bahati nasibu?
Tulichanga nauli kwenye ndoo ya unga.
Mbuzi alichinjwa. Pasta akanguruma
kwamba mkono wa Mungu hauna mpaka,
nasi tukaitikia hadi mabati yakatetemeka.
Nani aliuliza kama huko Minnesota
kuna kinyozi aliyesimamisha mashine?
Kila mwisho wa mwezi Mutheu huja kutoa pesa za Mbithi,
mimi humhesabia,
yeye huhesabu tena.

Saa kumi jioni, kijiko kikagonga bati:
ko, ko-ko.
Ochola akatoka na taulo begani.
Watu ambao hawajawahi kununua njugu
walinunua njugu,
wakamtazama usoni kama wanaosoma bango,
wakasahau chenji.

"Leo soko limeamka vizuri, dada."
Alikuwa anakunja karatasi ya mtihani wa hesabu,
ya mtoto wa mtu, arobaini na tatu kwa mia,
akaijaza, akanipa.
Hakutaka pesa.
"Haya. Tumeliwa tena?"

Njugu zilinichoma kiganja, sikuziweka chini.
Mfukoni simu ilikuwa nzito kama jiwe la kilo
tunaloibia wateja sokoni.
"Kwanza," nikasema, "jina lako nani?"

Akacheka, meno yote.
"Leo? Baada ya miaka minne?"
Kisha akaona sicheki.
Akafuta mikono kwenye suruali, polepole,
kama mtu aliyeitwa ofisini,
akaanza kuikunjua ile karatasi.
"Nduwayo," akasema. "Kuna tatizo?"

Nyuma yangu chapati ilikuwa ikiungua.
Mutheu hakuigeuza.