Kilatini cha Kidato cha Pili

Padri Anzelmi aliichora Roma kwa chaki nyeupe,
duara dogo, kama kisahani cha chumvi.
Pembeni, kwa chaki ya njano, akawaweka majirani:
Walatini, miji thelathini, mmoja mmoja,
punje za uwele zilizomwagika mekoni.
"Tafsirini," akasema, akaketi kupangusa miwani.

Nje upepo wa Agosti ulikuwa unauhamisha uwanja,
unautoa Dodoma, unaupeleka kusikojulikana.
Mimi na Lechipya tulikuwa na kamusi moja,
haina jalada, imeanzia herufi C.
A na B zililiwa na mchwa wa seminari.

Vita vyenyewe vilikuwa mistari minane tu.
Warumi na Walatini. Mikuki ile ile, ngao zile zile,
kiapo kwa miungu ile ile,
na jemadari, usiku ule, akihofia jambo moja:
adui akisema "ni mimi" gizani,
atajibiwa "karibu".

Yalitupungukia maneno mawili, la A na la B.
Nilikuja kuyapata ukubwani:
rafiki, na vita.

Kwao Lechipya ni Chisalu, kwetu Itumbwi.
Kati yetu korongo, na juu ya korongo lambo
lililochimbwa na babu zao,
wakati babu zetu walikuwa bado wanahama.
Kiangazi kile maji yalishuka hadi magotini mwa ndama.
Mpishi ndiye aliyetuletea habari, Jumapili, pamoja na mlenda:
wa kwetu walivuka na fimbo na sime,
wa kwao walivuka na sime na fimbo,
wakakutana matopeni, wakasalimiana kwanza.
"Mbukwenyi!"
Mdomo una mazoea kuliko mkono.
Kisha wakaanza.

Shangazi Mele, wa kwetu, aliyeolewa kwao,
alisimama ukingoni na ndoo tupu akiita,
"Ndahani! Ndahani!"
Hakuna aliyejua anamwita yupi.
Ndahani mmoja alikuwa kaka yake,
mwingine shemeji yake.
Akazikwa mmoja. Yule mwingine
hajala tena chakula cha mkono wake.

Jumatatu tulikaa dawati lile lile, mimi na Lechipya.
Kamusi ilikuwa katikati.
Hakuna aliyeigusa.

Tulishinda. Neno hilo naliandika
kwa kalamu ya risasi.
Ng'ombe wetu hunywa alfajiri;
wao husubiri jua livuke utosi,
maji yakishakuwa chai.

Wiki ya mtihani nilimwuliza Padri:
kama Roma iliwashinda, ikawameza wote thelathini,
mbona lugha yao haiitwi Kirumi?
Akavua miwani. Akalitazama duara lake,
lililokuwa limefutika nusu kwa bega la mtu.
"Mshindi alichukua kila kitu," akasema.
"Ila hakuwa na mdomo mwingine wa kukitajia."
Kengele ikalia. Hakumalizia,
au labda ndiyo yalikuwa mwisho.

Siku hizi halmashauri wamelipigia lambo kibao cha bati,
rangi ya bluu: ITUMBWI, herufi kubwa,
na namba ya mradi.
Mtoto wa dada yangu hukipita kila asubuhi, na fimbo yake begani.
Ukimwuliza anakwenda kunywesha wapi,
husema, "Chisalu",
na mama yake, anayepeta uwele mlangoni,
hamsahihishi.