Mach na Meni

Mwalimu Shaame anaugawa ubao kwa mstari wa chaki:
kushoto vinavyohesabika, na "meni" yao,
kulia visivyohesabika, na "mach".
Saa mbili usiku, skuli moja ya Wete, chumba cha nyuma,
taa moja inawaka, ya pili inajishauri.
Tumo watu wazima tisa kwenye madawati ya watoto,
magoti yanakaribia kugusa videvu.

"Tajeni vitu vya majumbani kwenu."
Asaa anasema kiti. Kushoto.
Bikombo anasema mchele. Kulia.
Mimi, Mize wa Jadida, muuza boflo,
nasema karafuu, nami nshajua ni kulia,
maana nani kwetu aliyewahi kuhesabu karafuu?
Tunazianika jamvi zima, tunazipima kwa pishi,
makonyo tunayachambua mpaka macho yanauma.
"Kushoto," anasema. "Moja, mbili, tatu. Karafuu huhesabika."
Haya.

Basi nikasema pesa,
kidole nimeshakinyoosha kushoto.
"Kulia, Mize. Pesa haihesabiki."

Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka.
Kila usiku namimina kopo la samli mkekani,
nahesabu, narudia, narudia mara ya tatu,
labda safari hii zitazidi.
Hazijazidi hata siku moja,
lakini kuhesabika, zinahesabika.

"Na mkate?" nikauliza, sasa yananihusu.
Kulia. Usiseme mikate miwili, sema vipande viwili.
Arubaini na nane natoa tanurini
kabla ya adhana ya alfajiri. Arubaini na nane.
Tanuri halijui Kiingereza.

Kazi? Kulia, haina wingi.
Hapo nikanyamaza, maana hata kwetu
kazi moja, kazi kumi, neno ni lile lile,
mgongo peke yake ndio unaotofautisha.

Maji, kulia. Kwao ni kitu kimoja,
kwetu ni umati: yamekuja, yamekatika,
yamekatika tena tangu Jumanne,
na hakuna aliyewahi kuliona ji moja.

Nywele, kulia. Kichwa kizima, kitu kimoja.
Nikamweleza: juzi mteja kanirejeshea boflo,
unywele ndani, kauinua kwa vidole viwili
mbele ya foleni nzima.
Mwalimu akasita, chaki hewani.
"Huo," akasema, "unahesabika."
Nikaandika daftarini: kitu huanza kuhesabika
siku kinapolalamikiwa.

Kisichohesabika, akaendelea, kitafutiwe chombo:
kikombe cha chai, kilo ya sukari, kipande cha nasaha.
Nasaha kwa vipande!
Mama mkwe wangu huzitoa kwa magunia.
Lakini vyombo tunavyo, mwalimu, tena tele:
ukufi wa mchele, konzi ya chumvi,
tonge la wali, kibaba cha unga,
na wiki ile mwanangu alipokuwa na homa
lepe la usingizi sikulipata.
Lepe, nikamuuliza, Kiingereza chake nini?
Akautazama ubao, kushoto, kisha kulia.
Akasema atakuja nalo Alhamisi.

Alhamisi ilikuwa siku ya ada.
Akakaa, akalamba kidole gumba,
elfu moja, elfu mbili, elfu tatu...
"Mwalimu, si haihesabiki?"
"Nahesabu noti, Mize. Pesa siihesabu."
Akaanza upya, maana nilishampoteza.
Lepe hakulitaja, nami sikumkumbusha:
zilipungua elfu mbili.
Zangu.