Tundu la Ufunguo

Kule Kemi theluji ilimchongea baba kabla hajafika:
hatua mbili, kimya, hatua moja ya kuburuta.
Kisha nahesabu ufunguo ukitafuta tundu.
Ukipata mara ya kwanza, tutakula.
Ukikosa mara tatu, namficha Eino nyuma ya makoti,
namziba masikio kwa soksi zangu za sufu.

Asubuhi ananikatia mkate, mikono inamtetemeka,
ananiuliza kama nimelala vizuri.
Nimelala vizuri, baba.
Miaka kumi na mmoja nimelala vizuri.

Mume wangu hanywi hata bia.
Jana karudi na mifuko ya viazi mikono yote,
ufunguo ukagonga chuma, ukateleza, ukagonga tena, tena,
nami nikajikuta kati ya makoti,
peku, soksi mkononi.

“Tuire?” akaita. “Mbona giza?”